Bei ya Mwendo: Tarikhi ya Kwenda Kazini katika Bujonde

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi ina uzito wake katika Bujonde, ingawa si sikukuu ya dini yoyote wala haikuandikwa kwa wino mwekundu katika kalenda. Kwani ndiyo siku ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ile ambayo watu wote huiita EWURA, hutangaza bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, na mwenye pikipiki, mwenye Noah, mwalimu mwenye kigari chake na mama anayepeleka ndizi Kasumulu, mpakani na Malawi, hujua kabla ya adhuhuri kama nauli ya kesho itakuwa ile ya jana. Katika jedwali lile refu Kyela iko mbali na Dar es Salaam kwa shilingi kama ilivyo mbali kwa ardhi, maana kila kilomita ambayo lori la mafuta huikata tangu bandarini huingizwa katika hesabu ya lita. Na kilomita hizo, kutoka pwani hadi Mbeya, kisha kuteremka kwa Tukuyu mpaka karibu na ufuo wa Ziwa Nyasa, hazipungui mia tisa.

Vijana wanaolalamika siku hiyo, na wana haki ya kulalamika, husema kwamba wazee wao walikwenda kazini bure. Hapo ndipo ninapoachana nao. Hakuna kizazi katika bonde hili, tangu kazi ya ujira ilipojulikana, kilichokwenda kazini bure. Kilichobadilika ni sarafu iliyotumika kulipia mwendo, na mara ngapi kwa mwaka bei ya mwendo huo hubadilishwa.

Bujonde ni kata ya wilaya ya Kyela, katika uwanda ambao mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo imeujaza udongo kwa karne nyingi, huku ikiuzamisha kila masika kana kwamba inadai mali yake irudi. Mvua ya huku hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa mashariki husimama Milima ya Livingstone kama ukuta, kaskazini ni Rungwe, na kati ya Tukuyu na ziwa ardhi huporomoka kiasi cha mita elfu moja, hata mtu aliyevaa koti la sufu asubuhi huko juu hulivua kabla hajafika Ibanda. Msomaji aiweke akilini tafauti hii ya mlima na uwanda, maana bila ya hiyo habari ya baiskeli, nitakayoifikia, haitafahamika.

Zamani za kale swali la kwenda kazini halikuwako. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa mshangao habari za vijiji vya marika, yaani vijana wa umri mmoja waliojenga pamoja mbali kidogo na baba zao, wakilima jirani na kula pamoja. Na kwa utaratibu huo kazi ilikuwa mlangoni, jembe likiegemea ukuta, ng'ombe wakinguruma ndani ya nyumba ile ile alimolala mwenyewe. Masafa kati ya kitanda na kazi yalipimwa kwa hatua, na aliyechelewa hakuwa na barabara ya kusingizia.

Aliyeyarefusha masafa hayo ni mtoza kodi. Wadachi, waliokuwa wamejenga boma lao la Langenburg ufuoni mwa ziwa, kisha wakalihamishia milimani mahali ambapo leo ni Tukuyu, walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia tatu kwa nyumba. Na madhali rupia haioti shambani, ilimlazimu mwenye nyumba ama auze kitu kwa watu wenye rupia, ama ajiuze mwenyewe kwa miezi. Ndipo neno kazi likapata maana ya pili, ile ya mahali ambapo mtu huenda. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Mwezi Mei mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalitoka upande wa Karonga na Songwe, yakapanda kuelekea Langenburg Mpya, yaani lile boma la milimani, na nyuma yao wakafuata wachukuzi waliojulikana kwa jina la tengatenga, mzigo kichwani, hali magari yalikuwa machache na njia za kuyapitisha ni chache zaidi. Nayataja haya kwa sababu katika kila mizani ya gharama za usafiri iko sahani moja isiyoandikwa katika daftari, nayo ni shingo ya mtu.

Baada ya vita ilipatikana dhahabu katika Lupa, nchi ya Chunya, mwanzoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 machimbo yale yaliwaita maelfu ya watu. Mtu wa Bujonde aliyetaka kwenda Lupa alifunga unga wake na chumvi yake, akaupanda mlima wa Tukuyu, akapita Mbeya, akaikwea safu ya milima iliyo juu ya mji huo, na akateremka katika nyika ya Chunya baada ya siku nyingi za miguu; na siku hizo hakuna aliyezilipa. Tukizifanyia hesabu ya insafu, nauli ya Lupa ilikuwa ni chakula cha njiani, pamoja na kazi ya shamba iliyolala nyumbani siku zile zote, pamoja na homa iliyomngojea mtu wa nyanda zenye joto katika baridi ya mlima. Wengine walikwenda mbali zaidi, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakajiandikisha kwa Wenela, ambayo ndiyo namna watu wetu walivyolitamka jina la shirika la kuajiri wachimbaji wa dhahabu wa Johannesburg, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoukata mkondo huo. Wenela ilikuwa na jambo moja ambalo hata leo wazee hulisimulia wakitabasamu: ilibeba watu wake kwa chombo, na katika miaka ya 1950 iliwarusha wengi wa vibarua wake kwa ndege hadi Francistown. Hivyo wako wakulima wa nchi za ziwa hili waliopanda eropleni kabla hawajapanda basi, na tajiri hakuwatoza nauli, maana alikwisha kuihesabu ndani ya ujira mdogo aliowapa.

Walirudi na nini? Walirudi na blanketi, na masanduku ya bati, na fedha ya ng'ombe wa mahari. Na wachache wao walirudi na baiskeli, nami naomba ruhusa nikae na chombo hiki kwa muda, maana waandishi wa mambo ya usafiri hukipita kana kwamba ni aibu ya maskini.

Baiskeli ya kwanza kijijini haikuwa ya maskini hata kidogo. Raleigh iliyotoka Nottingham ilimgharimu kibarua ujira wa miezi, na aliyeinunua aliifuta kwa kitambaa, aliifunga vipande vya karatasi kwenye vyuma vyake ili rangi isichubuke, na aliilaza chumbani alimolala yeye. Huko milimani chombo hiki kilikuwa mzigo wa kusukumwa: mtu alikikokota saa mbili kwenda juu ili akiendeshe nusu saa kwenda chini, roho mkononi. Lakini kilipofika uwandani kilikuta nchi iliyokuwa ikikingoja tangu mito ilipoanza kuusawazisha udongo. Kutoka Bujonde mtu aliweza kufika Kyela mjini, au Ipinda, au mpakani, bila ya kushuka hata mara moja, ila matope yalipomshusha. Fundi wa kijiji akaongeza chuma kwenye keria, akaipanua, akaitia nguvu, na juu yake yakapita mambo yote ya maisha: magunia ya mpunga, mkungu wa ndizi kila upande, jeneza la mtoto, bibi harusi aliyekaa upande na mwavuli wazi, mgonjwa aliyefungwa kwa kanga mgongoni mwa nduguye asianguke.

Na serikali, ambayo haijapata kuona gurudumu bila ya kukumbuka hazina yake, iliitoza baiskeli kodi. Ikawa mtu hutafuta kibandiko cha halmashauri kabla ya kutafuta pampu, na mgambo akitokea njiani, kundi zima la waendesha baiskeli lilijua ghafla faida za kupitia mashambani. Kodi hiyo nayo iliingia katika bei ya kwenda kazini. Ilikaa muda mrefu mpaka zama za kufutwa kwa zile zilizoitwa kodi zenye kero, mwanzoni mwa karne hii.

Malori na mabasi yalikuja taratibu, na habari yake si ndefu. Yalikuwa ya wafanyabiashara wachache, yakienda siku walizotaka wenyewe, na katika masika yakilala njiani pamoja na abiria wao. Iliyo ndefu ni habari ya kitu yalichokunywa.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake huko Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kwa upande ule, ikajikuta imekabwa koo. Mapipa ya petroli yakaanza kupakiwa Dar es Salaam juu ya malori na kupelekwa kwa barabara ya udongo kupitia Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, katika njia mbaya hata madereva wa kigeni wakaipa jina la jahanamu. Mwaka 1968 likamalizika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Na tangu hapo mafuta yakapita chini ya ardhi ya mkoa wetu mchana na usiku, yakaonekana kwetu kwa namna ambayo mtu wa jangwani huona mawingu yanayokwenda kunyesha kwingine. Barabara kuu ikatiwa lami miaka michache baadaye, reli ya TAZARA ikazinduliwa, na Mbeya ikawa mji wa njia panda. Lakini kutoka Mbeya kuja ziwani lita ile ile iliendelea kupanda bei kwa kuteremka mlima.

Kisha vikaja vita vya Oktoba 1973 katika Mashariki ya Kati. Pipa la mafuta ghafi lililokuwa likiuzwa kwa dola kama tatu likafika karibu dola kumi na mbili kabla Januari haijapita. Taifa letu, lililotegemea zaidi fedha za kigeni za pamba, kahawa na katani, lilikuwa pia likinunua nafaka nje kwa sababu ya ukame. Pigo la pili likaja mwaka 1979, mapinduzi ya Iran yakikutana na vita vyetu wenyewe vya Kagera. Katika miaka hiyo ya dhiki ndipo ilipowekwa amri ambayo kijana wa leo huisikia kama hekaya: kwamba gari la mtu binafsi lisionekane barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Petroli ilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kujuana, na dereva wa idara alikuwa mtu mkubwa kuliko mkubwa aliyekuwa akimwendesha.

Bonde la Kyela liliipokea amri ile kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na gari. Jumapili alasiri barabara ilirudi kuwa ya miguu na magurudumu mawili; wachungaji, waalimu na makarani, ambao wachache wao walikuwa wamekwisha kuonja kiti cha gari, walirudi kwenye keria bila ya kuaibika, maana kila mtu alikuwako huko huko. Kiwanda cha NABICO kikatoa baiskeli za Swala, na kutoka China zikaja Phoenix. Taabu haikuwa chombo, ila tairi na tyubu, ambazo ziliadimika sawa na sabuni na sukari. Nako ng'ambo ya Songwe, Malawi, vitu hivyo vilikuwako madukani, na mto haukuwa mpana. Katika mwaka 1983 wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, wako watu waliotupa mtoni bidhaa ambazo wangeweza kuzivaa mwaka mzima. Mtu aliyefunga kiraka cha ishirini na tatu juu ya tyubu moja alikuwa akilipa gharama ya kwenda kazini kama vile yeyote anayelipa leo kwenye kituo cha mafuta.

Mwaka ule ule huko Dar es Salaam vibasi vya watu binafsi viliruhusiwa kubeba abiria kwa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, vikaitwa daladala. Kwetu neno lilifika kabla ya chombo. Biashara ilipofunguliwa katika zama za urais wa Mzee Mwinyi, Hiace na Coaster kutoka Japani zikaja, na baada ya miaka mingi pikipiki za Kichina na za Kihindi, SanLG na Boxer, zikamiminika hata sheria ikalazimika kuzifuata kwa kanuni za mwaka 2010 zilizoziruhusu kubeba abiria kwa ujira. Vijana wakauza ng'ombe, wakanunua bodaboda. Kwa mara ya kwanza katika tarikhi ya Bujonde, mtu asiye na kitu zaidi ya noti chache aliweza kufikishwa mpaka mlango wa kazi yake na injini. Na kwa mara ya kwanza mtu huyo asiye na gari akafungwa kamba moja na bei ya pipa katika masoko ya ng'ambo.

Hilo la kufungwa kamba ndilo ninalotaka lizingatiwe. EWURA ilianza kutangaza bei kikomo mwaka 2009, baada ya pipa kupita dola 140 katika Julai ya mwaka uliotangulia. Mwezi Agosti 2011 ilipoteremsha bei, wauzaji wengi walifunga vituo vyao na nchi ikasimama kwa siku kadhaa. Mwaka 2017 leseni ya kila mwaka ya gari ilifutwa, na badala yake shilingi 40 zikaongezwa katika ushuru wa kila lita, jambo lililoshangiliwa na wenye magari yaliyolala chini ya miembe, na halikushangiliwa sana na wanaotembea kila siku. Nilipata kumsikia mwenye mashine ya kukoboa mpunga akiuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kujibiwa, injini yake iliyochimbiwa sakafuni imetumia barabara gani hata ilipie barabara. Swali lake bado linaning'inia. Mwaka 2022, Urusi ilipoishambulia Ukraine, petroli ilifika shilingi 3,410 kwa lita katika Dar es Salaam mwezi Agosti, ingawa serikali ilikuwa ikitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Na bajeti ya mwaka uliofuata ikaongeza shilingi 100 juu ya kila lita. Bei ya Dar es Salaam, kama nilivyokwisha kusema, kwetu ni mahali pa kuanzia kuhesabu tu.

Watu wafanyeje? Wanafanya tadbiri, na tadbiri zao, ukizitazama kwa makini, ni za kale zilizovaa nguo mpya. Mwalimu mwenye kigari huwapitia jirani zake watatu alfajiri, nao huchangia mafuta. Jambo hili lina adabu zake, kwamba fedha hazitajwi garini, huachwa juu ya dashibodi kama sadaka, na anayeshuka husema ndaga, kama ambavyo angemshukuru mtu aliyempa kiti cha bure. Wenye magari ya abiria hujaza wanne katika kiti cha watatu, na anayeguna huulizwa kama anataka kubaki. Baadhi ya madereva, wakitoka Tukuyu, huitoa gari kwenye gia na kuiachia mteremko mpaka uwandani, wakiokoa vikombe vichache vya dizeli kwa kuziweka rehani roho za abiria. Tadbiri hii mimi siisifu, na breki zilizoungua katika kona zile zimekwisha kuitolea hukumu. Mpakani madumu ya mafuta huvuka Songwe kila Malawi inapopungukiwa, kama ilivyopungukiwa vibaya mwaka 2011 na mara kadhaa baadaye. Vijana wa huku hupata faida yao, na siku hizo bodaboda zetu wenyewe hupanga foleni.

Na baiskeli ingalipo. Huko Kasumulu, msafiri anapoteremka katika basi ili auelekee daraja, bado hukutana na vijana wenye baiskeli, mto wa sponji umefungwa juu ya keria, pedali za kuegeshea miguu ya abiria zimeunganishwa nyuma. Ng'ambo wenzao wanaofanya kazi ile ile huitwa kabaza. Wameshushwa na pikipiki kwa muda, wakadhaniwa wamekwisha, kisha kila bei inapopanda idadi yao hupanda nayo, kwa kuwa injini yao hula ugali na ugali haukutajwa katika jedwali la Jumatano. Nilimwona mzee mmoja, alasiri, akipatana na kijana wa pikipiki kando ya njia.

"Elfu mbili, tata. Mafuta yamepanda."

"Jana ulinipeleka kwa elfu moja na mia tano."

"Jana ilikuwa Jumanne."

Mzee hakukasirika. Alitazama juu ya bega la kijana, akampungia mkono mwenye baiskeli aliyekuwa amekaa chini ya mwembe, akafunga kanzu yake vizuri isinaswe na mnyororo, akapanda upande kama wapandavyo mabibi harusi, na wakaenda zao polepole katikati ya mashamba ya mpunga, kengele ikilia kwenye kila kona ijapokuwa njia ilikuwa tupu.